Usihesabu ghorofa: kufuatilia jengo ulilonunua likiwa bado shimo

Ukinunua apatimenti kwenye mnara ambao bado ni ramani na shimo, kama nilivyonunua mimi pale Upanga, Dar es Salaam, watu wote watakuuliza swali moja: "Limefika ghorofa ya ngapi?" Swali hilo halikusaidii sana.

Miezi ya mwanzo jengo halionekani. Upanga maji ya ardhini hayako mbali, kwa hiyo pampu zinanguruma shimoni usiku na mchana, na ndugu wanaanza kunong'ona kwamba umetapeliwa. Tulia. Msingi ukikamilika, slabu (sakafu za zege za kila ghorofa) zinapanda mbio, na simu za muuzaji zinaongezeka: lipa awamu inayofuata, si unaona jengo linavyokwenda? Linakwenda, ndiyo, lakini nondo na zege ndiyo kazi inayoonekana haraka. Muda unaliwa na mabomba, umeme, lifti, madirisha na vigae. Ndiyo maana niligoma kusaini mpaka mkataba useme malipo yanafuata hatua za kazi zilizothibitishwa na mhandisi mshauri. Rasimu ya kwanza ilifuata kalenda tu. Walinuna, wakabadilisha.

Nenda saiti mwenyewe, usitegemee picha za WhatsApp. Anza na bango la mradi: mkandarasi nani, mhandisi nani, msanifu nani. Majina hayo yahakiki kwenye bodi zao za usajili. Kisha ulizia kibali kinaruhusu ghorofa ngapi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, hapa hapa Dar, liliporomoka na kuua watu 36. Ghorofa zake zilikuwa zimepita zile zilizoruhusiwa.

Ukiruhusiwa kuingia (vaa kofia ngumu, usibishane na mlinzi), angalia slabu iliyomwagwa karibuni. Je, ina maji yaliyotuama au magunia yaliyoloweshwa? Kwa jua letu, zege linahitaji kumwagiliwa maji kwa wiki nzima hivi, la sivyo linapasuka na kupoteza nguvu. Halafu tazama mirunda (miti inayoishikilia slabu mpaka ikomae) chini yake, isije ikawa imeng'olewa mapema ili ikatumike juu. Omba kuona majibu ya maabara ya vipande vya zege, vya siku 7 na vya siku 28 tangu zege limwagwe. Vya siku 7 huwa na takriban theluthi mbili tu ya nguvu inayotakiwa, kwa hiyo mtu akikuonyesha hivyo peke yake, subiri vingine.

Kuna nguzo moja ghorofa ya tatu niliikuta kokoto zimejitokeza nje kama karanga kwenye kashata. Fundi akasema lipu itafunika. Nilipiga picha, nikamtumia mhandisi mshauri kwa barua pepe, si kwa simu, ili ibaki kumbukumbu. Ile sehemu ilichongwa ikazibwa upya kabla lipu haijagusa ukuta.

Mtu wa kumzoea kuliko wote ni mama lishe wa getini. Yeye ndiye aliyeniambia sahani zimepungua nusu na vibarua wanakula kwa mkopo, wakati ofisi ya mauzo bado inaapa kazi haijasimama. Hela ilikuwa imekatika. Kwa kuwa mkataba ulifuata hatua za kazi, nami nilisimamisha malipo bila kuvunja chochote.

Jengo likianza kupakwa rangi, geukia makaratasi. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, inayokuwezesha kupata hati ya apatimenti yako peke yake. Uliza hati hizo zitatoka lini, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Uliza pia nani atalipia dizeli ya jenereta na matengenezo ya lifti, na kiasi gani kwa mwezi, kabla hujapewa ufunguo. Ukishaupokea, wauzaji hawapokei simu zako kwa haraka ile ya mwanzo.