Amehama shule kidato cha tano: aifiche?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha sita Arusha, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Muhula wa kwanza wa kidato cha tano aliusoma hapa Moshi, tukamhamisha kwa sababu ya ada. Anaomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi. Wakala anasema tusiitaje shule ya Moshi kwa kuwa vyuo vikubwa havitaki wanaohamahama, na atatuandalia ripoti moja yenye GPA, yaani wastani wa alama kwa mfumo wa Marekani. Tumsikilize? – Mama wa mwanafunzi, Moshi

JIBU: Hapana, mama. Hiyo ripoti msiipokee hata akiitoa bure.

Kuhama si kosa, na fomu yenyewe imeweka nafasi yake. Sehemu ya elimu ya Common App ikishauliza shule ya sasa, huuliza idadi ya shule nyingine za sekondari alizopitia. Aitaje ya Moshi, na ya O-level pia kama ilikuwa nyingine (hiyo wengi huisahau), pamoja na mwezi na mwaka wa kuingia na kutoka. Kwenye sababu ya kuondoka, sentensi mbili zinatosha: ada ilishinda, akaendelea na PCM ileile Arusha. Insha kuu ya maneno 650 asiimalizie kwenye kuhama.

Kinachoangusha maombi ya aliyehama ni karatasi. Ripoti ya Arusha itaanzia Januari, wakati kidato cha tano huanza Julai. Msomaji wa maombi ataliona pengo hilo papo hapo, na asipopata maelezo atadhani mtoto alifukuzwa au alifeli. Kwa hiyo nendeni shule ya Moshi mapema, Septemba ikiwezekana, mkaombe matokeo ya muhula ule kwenye karatasi yenye nembo ya shule, sahihi ya mkuu na mhuri. Mkisubiri Desemba mtakuta shule imefungwa, na vyuo vingi hufunga dirisha la kawaida mwanzoni mwa Januari. Dirisha la mapema mara nyingi hufungwa Novemba mosi. Nakala hiyo apewe mwalimu wa taaluma wa Arusha, aipandishe pamoja na ripoti ya shule yake. Binti asiipandishe mwenyewe.

Mwalimu huyo huyo aandike ukurasa mmoja wa wasifu wa shule, na hapa msimwache afanye haraka haraka. Msomaji aliyezoea alama za Marekani akiona 72 hudhani mtoto ni wa kusuasua, kwa kuwa kwao A kwa kawaida huanzia 90. Kwenye ACSEE (mtihani wa kidato cha sita) A huanzia 80, na 72 ni B. Kwenye CSEE (wa kidato cha nne) A huanzia 75. Viwango hivyo viandikwe. Kama alama zake zilishuka baada ya kuhama kwa sababu mitihani ya Arusha ni migumu zaidi, mwalimu ndiye aseme, kwa takwimu: alikuwa wa ngapi kati ya wangapi. GPA msiikokotoe wala msikubali mtu aikokotoe. Kama shule haitoi GPA, fomu inaruhusu kusema hivyo.

Barua za mapendekezo za walimu wa masomo mara nyingi ni mbili. Mwalimu wa Moshi aliyemfundisha fizikia muhula mzima na kumfahamu ana mengi ya kusema kuliko wa Arusha asiyemfahamu vizuri. Hakuna anayekataza.

Sasa huyo wakala. Kuunganisha ripoti za shule mbili na kuigongea mhuri ni kughushi, na anayeweka sahihi kwamba kila kitu ni kweli ni binti yako. Namba ya mtihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) inabeba namba ya kituo, yaani shule alikofanyia mtihani, na matokeo yako mtandaoni. Baada ya kukubaliwa, shule hutuma ripoti ya mwisho, chuo kinailinganisha na ya kwanza. Zikipishana, nafasi inaweza kufutwa, hata kama viza imeshatoka. Mwaka 2019 ilipofichuka Marekani kashfa ya Rick Singer, wakala aliyewaingiza watoto vyuoni kwa hongo na udanganyifu, Chuo Kikuu cha Yale kilimfutia nafasi mwanafunzi aliyeingia kupitia kwake, na Singer mwenyewe alihukumiwa miaka mitatu na nusu jela.

Vishoka wa namna hii wamejaa mjini, na dalili zao hazibadiliki: anataka nywila ya akaunti ya mtoto, anaweka barua pepe yake kwenye fomu badala ya ya mwalimu, anaahidi chuo kwa jina. Kama ameshapewa nywila, ibadilisheni leo, kisha mkague barua pepe iliyoandikwa kwenye nafasi ya mwalimu.