Kabla ya Kuandika Kwamba Usumaku Umepotea

Vijana wa Malindi na Lamu wanaosomea fizikia chuoni huniletea grafu zao wakati wa likizo, na kwa kuwa miaka yangu ya maabara niliitumia kupima tando za sumaku zenye unene wa safu chache za atomi, swali moja hunijia mara kwa mara: mbona ishara ya usumaku imepotea utando ulipoongezwa unene? Ushauri wangu ni kuupima kwanza kwa mwelekeo wa pili.

Ndani ya utando kuna nguvu mbili zinazoshindana. Umbo lake bapa huutaka usumaku ulale sambamba na uso, na nguvu hiyo hukua kadiri safu zinavyoongezeka. Atomi za usoni, zilizokosa majirani upande mmoja, zaweza kuutaka usimame wima, kama mwanafizikia Mfaransa Louis Néel alivyoeleza mwaka 1954, lakini mchango wao haukui, kwani nyuso hubaki mbili tu. Ndiyo sababu usumaku wa kobalti juu ya dhahabu husimama katika safu chache za mwanzo, kisha hulala. Nikeli juu ya shaba huenda kinyume: atomi zake zimevutwa kwa takriban asilimia 2.5 ili zilingane na za shaba, na kwa kuwa mkazo huo, unaoutaka usumaku usimame, umeenea utando mzima, usumaku wake huanza kwa kulala na husimama unene ukiongezeka.

Sasa, katika kipimo cha Kerr, ambacho husoma usumaku kutokana na mwanga unaoakisiwa na uso, leza inayopiga uso kwa wima huona ule usumaku uliosimama tu. Unapolala, kitanzi (mchoro wa ishara uga wa sumaku unapoongezwa na kugeuzwa) kilichokuwa cha mraba huinama na kufumba, kikabaki mstari wa mshazari, jinsi tanga la jahazi linavyoonekana uzi likikugeuzia ukingo. Ingizeni leza kimshazari, uga wa sumaku uwe sambamba na uso, na mara nyingi kitanzi hufunguka tena.

Mimi hupendelea utando wa kabari, ambao hupatikana kwa kusogeza kizuizi polepole mbele ya fuwele inayobeba utando huku mvuke wa metali ukitua, hata upande mmoja ukawa mwembamba na wa pili mnene. Hapo unene wote hupimwa katika ombwe moja na joto moja, na faida hiyo ni kubwa mno, kwa sababu joto peke yake laweza kuulaza usumaku wa chuma uliosimama juu ya shaba. Gesi nayo isidharauliwe: hidrojeni ikitua juu ya nikeli, unene ambao usumaku huanza kusimama hushuka kutoka takriban safu 11 hadi karibu 7. Kwa hiyo kando ya kila grafu andikeni joto, kanieneo ya chumba cha ombwe na muda uliopita tangu utando utengenezwe, wala msilinganishe utando uliokaa chumbani usiku kucha na ule wa asubuhi hiyo hiyo.