XLR au RCA nyumbani: kebo ya balansi inatibu nini hasa

Mkuu, umesema DAC yako (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa wa analogi) ina matundu ya RCA (plagi ya pini moja na pete) na ya XLR (plagi ya pini tatu, ndiyo ya kebo ya balansi), amplifaya nayo ina yote mawili, kebo ni ya mita moja, na unauliza kama ukihamia XLR sauti itapanda daraja. Kama sasa hivi husikii mvumo wala mikwaruzo muziki ukiwa umezimwa, hutaongeza kitu. Lakini kuna mazingira ambayo XLR inaokoa kabisa, nami nimeyapitia, kwa hiyo nieleze kirefu kidogo.

Kebo ya RCA ina njia mbili tu. Waya wa katikati unabeba muziki, na wavu wa nje unafanya kazi mbili kwa mpigo: unakinga waya wa ndani, na ndiyo njia ya kurudia ya muziki huohuo. Tatizo linaanzia hapo. Vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme huvujisha mkondo mdogo kutoka bodi moja kwenda nyingine, na mkondo huo hupita kwenye wavu. Wavu una ukinzani wake, hata kama ni mdogo, kwa hiyo volti kidogo inazaliwa juu yake. Amplifaya inasoma tofauti kati ya pini ya katikati na ile pete ya nje, na haina namna ya kujua kwamba sehemu ya tofauti hiyo si muziki.

Piga hesabu. Kebo ya mita moja, wavu mzito, ukinzani omu 0.02, mkondo wa kuvuja miliampea 0.1: unapata mikrovolti 2. Ukilinganisha na volti 2 ambazo DAC nyingi hutoa kwa RCA, hiyo ni desibeli 120 chini. Hakuna sikio la kuisikia. Sasa chukua kebo ya mita kumi yenye kinga ya karatasi ya alumini na kiwaya chembamba, omu 0.5, na vifaa viwili vyote vya plagi yenye ethi, mkondo ufike miliampea 1. Hapo ni milivolti 0.5, desibeli 72 tu chini. Pawa ampu ikiikuza mara 20 unapata milivolti 10 kwenye spika, na kama spika zako ni nyepesi kuitikia, utasikia ule mvumo wa hezi 50 au 60 na vizidisho vyake usiku nyumba ikitulia. Kibaya zaidi, kebo ikiwa baada ya kitufe cha sauti, kupunguza sauti hakupunguzi mvumo.

XLR inatenganisha kazi hizo. Pini 1 ni wavu, pini 2 na 3 ndizo za muziki, na kifaa kinachopokea kinasoma tofauti ya 2 na 3 pekee. Kelele ikiingia kwa usawa kwenye nyaya zote mbili, inafutika yenyewe. Ni kama mizani: ukiongeza uzito uleule pande zote mbili, mshale hausogei.

Hapa nipinge jambo lililorudiwa mara kadhaa humu, kwamba siri ya balansi ni muziki kupita mara mbili, upande mmoja ukiwa umegeuzwa. Siyo. Siri ni impidansi (ukinzani kwa mkondo unaobadilika-badilika kama wa muziki) ya waya mmoja kwenda ethi kulingana na ya mwenzake. Pini 3 inaweza isiwe na muziki kabisa, ikawa na rezista tu inayolingana na ile ya pini 2, na kelele bado ikafutika vilevile. Wako watengenezaji wanaofanya hivyo na si wizi. Kinyume chake, kifaa kinachogeuza muziki vizuri lakini kwenye mapokezi kina rezista zisizolingana kinaweza kushindwa kuzuia kelele hata kwa desibeli 40, yaani mara 100.

Kugeuza muziki kunaongeza volti, na mtego uko hapo. Mashine nyingi hutoa volti 2 kwa RCA na volti 4 kwa XLR, yaani desibeli 6 zaidi. Mtu anahamisha kebo, haigusi sauti, anasikia besi nene na waimbaji wamesogea mbele. Bila shaka, maana imepanda sauti! Ukitaka kulinganisha kwa haki, piga toni ya hezi 200 (mita nyingi za kawaida hazisomi vizuri masafa ya juu), pima volti kwenye vituo vya spika, kisha rekebisha hadi zilingane ndani ya asilimia 1 hivi. Mwambie mwenzako abadilishe huku huoni. Nimewafanyia watu jaribio hili kwa kebo fupi kwenye mfumo usio na mvumo, na kujiamini huwa kunayeyuka haraka.

Kwangu XLR ilifanya kazi ya kweli kwenye spika zenye amplifaya ndani. Kila spika ilikuwa na plagi yake ya ethi, kompyuta nayo ya ethi, DAC ikila umeme wa USB, na kebo zikivuka chumba kizima. Kwa RCA nilikuwa nasikia mkwaruzo kila nikisogeza mausi. Nilipoweka XLR kila kitu kikanyamaza, bila kubadili kingine chochote. Njia ya kelele ilibaki palepale, ila haikupita tena kwenye njia ya muziki.

Ila XLR si kinga ya uhakika. Niliwahi kupata amplifaya ambayo kwa RCA ilitulia na kwa XLR ikaunguruma. Ukifungua, pini 1 imelehemiwa kwenye bodi ya saketi badala ya bati la mashine, kwa hiyo uchafu wote wa wavu unamwagwa katikati ya saketi. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza tatizo hili mwaka 1995 na bado linatengenezwa. Nilikata wavu upande wa amplifaya tu, upande wa DAC ukabaki umeungwa, mvumo ukaisha.

Kama chanzo ni RCA na amplifaya ina XLR, usinunue adapta ya kuchomeka tu. Tengeneza kebo ya nyaya mbili ndani ya wavu: pini ya RCA iende pini 2, pete ya RCA iende pini 3 kwa waya wake, na wavu uende pini 1, upande wa RCA ukiungwa kwenye pete. Unabaki na sehemu kubwa ya faida ya balansi. Kinyume chake, XLR kwenda RCA, soma kitabu cha mashine kwanza: zenye transfoma huhitaji pini 3 iunganishwe na ethi, lakini zile ambazo kila pini inaendeshwa na chipu yake, pini 3 iachwe wazi, usiifanyie shoti.

Headphone za "balansi" za jeki ya milimita 4.4 ni habari nyingine kabisa, pale suala ni nguvu na kutenganisha njia za kurudia za kushoto na kulia.

Na tafadhali, aliyeshauri kukata ethi ya plagi apuuzwe. Ile ethi ndiyo inayozuia bati lisikuue siku waya wa ndani ukiguswa nalo. Jaribu kwanza kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, chomoa kebo ya antena ya TV uone, na ikibidi weka transfoma ya kutenganisha au tumia waya wa mwanga (kebo ya optiki).

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Zima amplifaya, chomoa RCA upande wake, chomeka plagi tupu ambazo pini na pete zimeungwa, kisha washa na uweke sikio karibu na spika. Mvumo ukibaki, umo ndani ya amplifaya na hakuna kebo itakayoutoa. Ukitoweka na kurudi ukichomeka DAC, unaingia kwa kebo, na hapo XLR ina kazi. Ukisikia "shhh" badala ya mvumo, hiyo ni ya saketi zenyewe. Ukishajaribu, rudi utuambie umesikia nini na vifaa vipi vina plagi ya ethi.