Kutoka saiti hadi kompyuta: anzia kwenye vipimo, picha za 3D baadaye

Mafundi na mafomeni wengi wa Kampala wanaotaka kuhamia kwenye programu za ujenzi hukimbilia kuchora nyumba ya 3D yenye vioo na maua. Wachoraji wa picha hizo wamejaa mjini, na baadhi yao hawajawahi kusimama kwenye zege bichi. Unachowazidi wewe ni kutambua hesabu ya kompyuta inapokosea. Kwa hiyo anza na vipimo na orodha ya vifaa.

Chukua nondo. Ramani inataka vipande 20 vya mita 5, nondo ya milimita 12. Jedwali la kompyuta litajumlisha mita 100, litagawanya kwa mita 12 ambazo ndizo urefu wa nondo moja, kisha litakuambia ununue 9. Aliyewahi kukata nondo anajua kwamba moja hutoa vipande 2 tu na kubakiza mita 2, kwa hiyo zinatakiwa 10. Masalia hayo yapangie kazi mapema, yakate vipande vifupi vinavyohitaji unene huohuo. Halafu kuna maungio: ukipishanisha kwa mara 40 ya unene, kila ungio linakula milimita 480, na mara nyingi modeli, yaani jengo lililochorwa kwenye kompyuta, haina habari nayo. Weka pia safu ya uzito. Unene mara unene, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo nzima ya milimita 12 inakaribia kilo 10.7, ikija saiti na kilo 9, ni nyembamba kuliko ulivyolipia.

Zege nalo lina mtego wake. Kwenye Revit, programu ya kuchora jengo zima kwa 3D na kuhesabu vifaa vyake, nguzo na slabu visipounganishwa, pale vinapokutana huhesabiwa mara mbili. Nguzo ya sentimita 30 kwa 30 ikipita kwenye slabu ya sentimita 15 ni mita za ujazo 0.0135. Inaonekana ndogo, ila nguzo 40 zinafika 0.54, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni karibu mifuko mitatu na nusu ya saruji ya kilo 50. Mchanga ndio unaosumbua zaidi: programu inatoa mita za ujazo, lakini mchanga wa Lwera unauzwa kwa tripu. Pima bodi ya lori kwa tepu, urefu, upana na kina, na ukumbuke kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo nzima. Ukiupokea baada ya mvua bila kukumbuka hilo, utapungukiwa katikati ya kazi.

Jifunze Excel kwanza, kwa nyumba moja ndogo uliyoijenga mwenyewe na ambayo risiti zake bado unazo. Linganisha hesabu yako na kilichonunuliwa kweli hadi ujue kila tofauti imetoka wapi. Ndipo uende AutoCAD, programu ya kuchora ramani, kisha Revit. Revit inataka Windows, na ukipata laptopu yenye RAM ya GB 16 utafanya kazi bila kuteseka.

Ukianza kufundisha wengine, kubalianeni toleo moja la programu kabla ya siku ya kwanza. Faili lililohifadhiwa kwenye Revit mpya halifunguki kwenye ya zamani, na asubuhi nzima inaweza kupotelea hapo. Beba faili za kusakinisha kwenye flashi, maana intaneti ya darasani haiaminiki, na wazoeze kuhifadhi kazi kila baada ya dakika 10 kwa sababu ya umeme kukatika. Wape wanafunzi tepu wapime chumba walichokalia, wakichore, wahesabu matofali yake wakitoa milango na madirisha, kisha waongeze asilimia 5 hadi 10 ya yatakayovunjika. Fundi mzee ambaye hajawahi kushika mausi huwa wa kwanza kumwona mwenzake aliyesahau kutoa dirisha. Mpe nafasi aseme mbele ya wote.

Leseni ya bure ya Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD na Revit, ni ya wanafunzi na walimu, nayo huhuishwa kila mwaka. Kazi ya mteja anayelipa haifanyiwi humo, hivyo gharama ya leseni ya biashara iingize kwenye bei yako tangu mteja wa kwanza.