Barua kwa mwanangu: hao watu 23 kwenye orodha yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia maneno, ya pili nikasikia uchovu, ya tatu nikamsikia mtu anayepiga hesabu huku anaongea. Umeniuliza hivi: "Mama, nifanyeje Krismasi hii nitoe zawadi zenye maana bila kumaliza mshahara na bila kuchanganyikiwa? Orodha yangu ina watu 23, na nikimwacha hata mmoja nitaonekana nimebadilika." Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nianze na hilo la kuonekana. Chukua hiyo orodha na kalamu. Kila jina uliloliandika kwa sababu ulimkumbuka mtu, liache. Kila jina uliloliandika kwa sababu unaogopa atasema nini, liwekee nukta pembeni. Usinitumie majibu, kaa nayo mwenyewe. Mimi nilipofanya hivyo, nukta zilizidi nusu, na nilikuwa na umri mkubwa kuliko wako.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka ule ukiwa darasa la tatu nilikopa ili ninunue zawadi za Krismasi. Mimi, mhasibu, niliyekuwa nalipwa kuwaonya wengine! Deni nililimaliza mwezi wa saba. Riba iliniuma, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kufika huo mwezi wa saba sikuweza kukumbuka nilimnunulia nani nini. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nalipia vitu ambavyo hata sura yake imenitoka.

Kimoja tu nilikuja kukikumbuka, na ni kwa sababu nilikutana nacho tena. Ilikuwa shali ya bibi yako, mama yake baba yako. Shali nzuri, ya sufu laini, niliizungukia siku nzima. Alipofariki tulifungua sanduku lake tukaikuta imekunjwa vilevile, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye pindo. Hakuwahi kuivaa hata siku moja. Alikuwa ameitunza kama mtu anavyotunza kitu cha mwenzake.

Juu ya shali hiyo ndipo lilipokuwa lile daftari, ambalo nadhani unalikumbuka. Miaka miwili kabla hajafariki nilimwona akisoma Biblia huku anaisogeza mbali, mkono umenyooka kabisa, kisha anakunja uso na kuifunga. Hakusema kitu. Nikatafuta daftari kubwa lenye mistari mipana na kalamu ya wino mzito, na kuanzia mwanzoni mwa Novemba nikawa nanakili zaburi alizozipenda, kidogo kidogo kila usiku ninyi mkishalala, kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho milimani, ilijaza kurasa nne. Kwenye ya 103 nilikosea mstari, nikafuta, wino ukatapakaa, nikataka kuchana ukurasa mzima, usingizi ukanizuia. Daftari hilo tulilikuta limechakaa. Pembe za kurasa zilikuwa nyeusi kwa kile kidole alichokuwa akikilowesha mate, na mgongo wa jalada alikuwa ameubandika plasta ya vidonda lisifumuke.

Watu hupenda kusema kutoa ni moyo, wanaishia hapo. Methali ina mkia wake: usambe ni utajiri. Yaani usije ukasema ni utajiri. Kila Desemba mkia huo tunaukata na kuutupa. Tena mimi naona hata moyo peke yake hautoshi, kwani nilipokopa moyo nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni kumtazama mtu. Bibi yako nilimtazama kwa nusu dakika tu akiwa na Biblia yake, na zawadi ikajileta yenyewe. Sasa niambie, watu 23 utawatazama saa ngapi katika wiki tatu, ukiwa na kazi, watoto na foleni?

Kwa kuwa nimekaa na vitabu vya hesabu miaka mingi, ngoja nikuambie jambo ambalo wachumi hulirudia kila Desemba. Mwaka 1993 mchumi mmoja wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti aliowauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi walizopewa Krismasi ziligharimu kiasi gani kwa kukadiria, na wao wenyewe wangekuwa tayari kuzilipia kiasi gani. Akakuta kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi ya thamani inapotelea njiani. Mtoaji kalipa, mpokeaji hajakipata, pesa imeyeyuka. Nilipousoma nilicheka, nikaikumbuka shali. Lakini aliwaambia wanafunzi waweke kando thamani ya kihisia, wahesabu kitu chenyewe tu. Kwa hesabu hiyo daftari langu la zaburi lina thamani ya daftari lililotumika, ambayo ni sifuri. Kwa hiyo mchumi ana haki kuhusu shali, ila kuhusu daftari hana la kusema, na sidhani alikusudia kulisemea.

Utafiti mwingine ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2008, wa Elizabeth Dunn na wenzake. Waliwapa watu bahasha asubuhi, nyingine zina dola 5, nyingine dola 20. Baadhi wakaambiwa wajitumie wenyewe kabla ya jioni, baadhi wawatumie wengine. Jioni waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi. Hilo halinishangazi. Kinachofaa kukutuliza ni kwamba aliyetoa 5 na aliyetoa 20 hawakutofautiana. Hiyo soma mara mbili kabla hujaingia dukani.

Sasa tuje kwenye orodha. Wale wenye nukta wengi wao ni watu wazima wa ukoo wetu, na nakuhakikishia nao wana orodha zao zenye nukta, wewe ukiwa mmojawapo. Mtu mmoja tu anatakiwa aanze kusema. Uwaandikie mapema, wiki hii, kabla mtu hajanunua chochote. Ukisema tarehe 20 Desemba utaonekana umefilisika, ukisema mapema utaonekana una akili. Andika kwa kifupi, bila kuomba radhi: "Ndugu zangu, mwaka huu napendekeza watu wazima tupige kura ya majina, kila mmoja amwandalie zawadi mtu mmoja tu. Watoto tuendelee nao kama kawaida. Asiyetaka kushiriki asijisikie vibaya, tutakuwa pamoja vilevile." Halafu nyamaza. Usianze kujieleza kwenye lile kundi la WhatsApp hadi usiku wa manane. Shangazi yako mkubwa atanuna siku mbili, nitampigia mimi.

Ukishampata huyo mmoja, muulize anataka nini. Najua unaona kuuliza kunaharibu utamu. Mjomba wako miaka mitatu mfululizo alisema anataka tochi, na miaka mitatu tukamwona anatania, tukamletea mashati. Mwaka wa nne nikampa tochi. Aliizima na kuiwasha mbele ya wageni kama mtoto, na usiku huo, mkewe ndiye aliyeniambia, alilala nayo chini ya mto. Mtu akikuambia anachotaka amekupunguzia nusu ya kazi. Kumlazimishia mshangao ambao hakuuomba ni kujifurahisha wewe.

Hao wengine wenye nukta, ambao si ndugu, waandikie sentensi tatu. Si ile picha ya kengele na mshumaa inayosambazwa kwa wote, hiyo hata mimi huifuta bila kuifungua. Taja jambo moja alilokufanyia mwaka huu, na lilikusaidia vipi. Dakika tano kwa mtu mmoja, inatosha kabisa.

Kuhusu wajukuu zangu, sina wasiwasi nao kama ulivyo wewe. Waache nao watoe. Mtoto anayepokea tu hukaa anahesabu maboksi, na anayetoa husubiri kuona uso wa mtu. Wakitaka kuandika ahadi kwenye karatasi, "nitakufulia viatu," "nitakusomea hadithi," ni vizuri, ila hakikisheni ahadi ina tarehe. Wewe uliniahidi kupanga kabati langu ukiwa na miaka tisa. Karatasi ninayo bado, na kabati unalijua.

Kuna watu wanaohitaji msaada hasa, na najua huwa unawafikiria. Kabla hujabeba mfuko wa nguo kuwapelekea wanaowahudumia, piga simu uwaulize wamepungukiwa nini. Mara nyingi watakuambia pesa, na usione kwamba pesa haina upendo ndani yake. Tena, kama unaweza kusubiri, toa Februari. Desemba kila mtu anakumbuka, Februari hakuna anayekuja.

Umesema pia tarehe 25 inakukaba koo. Kwani ni lazima kila kitu kiwe siku hiyo? Katika Injili ya Mathayo, mamajusi walifika na dhahabu, uvumba na manemane baada ya mtoto kuzaliwa, na wanamkuta ndani ya nyumba, wala si horini. Makanisa mengi huwakumbuka tarehe 6 Januari. Zawadi za kwanza kabisa zilichelewa, mama, na hakuna aliyelalamika. Ukienda kumwona rafiki yako tarehe 3 Januari nyumba imetulia, utaongea naye hadi jioni, kuliko kumkimbilia tarehe 24 na kumwachia mfuko mlangoni ukiwa hujazima gari.

Nami nimeona tena kwamba Injili haisemi popote kuwa Yusufu na Mariamu waliwarudishia mamajusi kitu. Hilo nakuambia wewe hasa, maana una ugonjwa huo. Jirani alipokuletea kile kikapu mwaka jana, ulinipigia simu unalia kwamba hukuwa na cha kumpa. Mtu akikupa, sema asante, mwangalie usoni, basi. Ukikimbilia kurudisha siku ileile umemgeuza mdai wako, na yeye hakuja kukudai.

Na usipige picha kila unachotoa. Askofu Nikolao wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4 na ambaye huyu mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe alitokana naye, anasimuliwa kwamba alimrushia baba mmoja maskini dhahabu ili apate cha kuwaozea binti zake watatu. Alirusha usiku ili asijulikane. Simulizi ni simulizi, lakini angalia watu waliamua kuhifadhi nini: kwamba alijificha.

Mambo ya nyumba, kusafisha na kupokea wageni, sitayasema sana, kwa sababu ulijifunza kwangu na mimi nilikufundisha vibaya. Nilikuwa nasugua kuta usiku wa mkesha, mnanikuta asubuhi nimelala kwenye kiti na kitambaa mkononi, halafu nawafokea siku nzima. Chagua jambo moja unalotaka liwe zuri. Mengine gawa, na anayekuja akiuliza alete nini, usijibu "njoo tu." Mwambie alete nini. Na baba watoto ana mikono miwili, nimeiona.

Mwishoni umeniuliza mimi nataka nini, ukaongeza haraka "na usiseme hutaki kitu." Nataka kitu, na nimeshakifikiria. Lile boksi la picha lililo juu ya kabati lina picha zaidi ya 200, na nyuma yake hazina maandishi. Baba yako ndiye aliyewajua watu wa upande wake, na sasa hayupo. Waliobaki nawajua mimi peke yangu, na juzi nilishika picha ya watu wanne uwanjani nikakwama kwa mmoja. Nilimkumbuka jina kesho yake nikiwa naoga.

Njoo tarehe 28, wageni wakishaondoka. Acha watoto kwa baba yao. Nitakutajia, wewe utaandika nyuma: jina, ni nani kwetu, mwaka kama naukumbuka. Usije na zawadi. Njoo na kalamu ya wino usiofutika, nyembamba, kwa sababu hii niliyonayo inatoboa upande wa pili.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako