Sifuri iliyonipotosha mwezi mzima

Skripti, yaani programu fupi ya kompyuta, ikigoma, namshukuru Mungu. Inayoniumiza kichwa ni ile inayomaliza kazi salama salimini na kuleta jibu lisilo sahihi.

Nilikuwa na skripti ya Python iliyojumlisha usomaji wa mita za maji kila usiku. Mita ikipoteza mtandao siku nzima, jumla ya siku hiyo ilibaki tupu. Nikasasisha pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali ya data, kutoka toleo la 0.21 kwenda 0.22. Hakuna kosa lililotokea, wala hata onyo. Mwisho wa mwezi nikaulizwa mbona kuna mita ambazo matumizi yake yameshuka ghafla.

Nikachukua mita moja nikaipigia hesabu kwa mkono. Ilitumia lita 900 kwa siku, na ilisoma siku 20 tu kati ya 30. Zamani wastani ulikuwa 18,000 kugawa kwa 20, yaani 900. Sasa zile siku 10 tupu zilikuwa zimegeuka sifuri, na sifuri inahesabiwa: 18,000 kwa 30, lita 600. Kumbe kuanzia toleo lile, kujumlisha safu isiyo na kitu huleta 0. Dawa yake ni kuandika min_count=1, yaani pasipokuwa na angalau thamani moja, jumla ibaki tupu. Na jambo lenyewe lilikuwa limeelezwa waziwazi kwenye maelezo ya toleo, ila mimi sikuyasoma. Nani huyasoma?

Si pandas peke yake. Lugha ya takwimu ya R, katika toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, iliacha kugeuza maandishi yenyewe kuwa faktori, yaani data ya makundi. Skripti ya zamani inayopitia levels(), yaani orodha ya makundi, ya safu ya namna hiyo sasa inapata NULL, yaani hakuna kitu, hivyo inazunguka mara sifuri na kutoka kimya kimya. Scikit-learn nayo, maktaba ya Python ya kujifunza kwa mashine, katika toleo lake la 0.22 ilipandisha chaguomsingi (thamani inayotumika usipotaja yako) ya idadi ya miti ya msitu nasibu, mbinu ya kutabiri kwa miti mingi ya maamuzi, kutoka 10 hadi 100.

Tangu hapo siachi chaguomsingi iniamulie jambo linalogusa jibu. Naliandika mwenyewe hata kama leo thamani ni ileile. Matoleo nayafunga kwa ==, yaani toleo hilo hilo tu, ndani ya requirements.txt, faili linaloorodhesha maktaba zinazohitajika. Kuna wanaofunga wakasahau miaka mitano, na hilo silishauri, maana viraka vya usalama navyo vinahitajika. Sasisha, lakini kwa siku uliyoichagua wewe.

Siku hiyo ikifika, ninalo faili dogo la mistari kama 50, nililojaza uchafu makusudi: siku tupu, tarehe kama 03/04 isiyojulikana ipi ni siku na ipi ni mwezi, namba zinazoanza na sifuri, neno "None". Majibu yake nayajua kwa kichwa. Nalipitisha kwenye toleo la zamani na jipya, kisha nalinganisha seli kwa seli. Data safi haitakuonyesha kitu hapa, kwa kuwa mabadiliko ya aina hii hujificha pembezoni.

Na chini ya kila ripoti skripti huchapa matoleo iliyotumia. Mstari mmoja tu. Mwezi ule, mstari huo ungeniokolea siku mbili za kumshuku fundi wa mita.