Kumlipa mtu akujazie maombi ya mkopo wa chuo: jibu kwa dada wa Wete

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Umeuliza kama umpe huyo "wakala" laki moja na nusu amjazie mwanao maombi ya mkopo, naye keshakuahidi kuwa atapewa asilimia mia ya mkopo. Wanangu wawili wamepita njia hiyo, mmoja Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Muungano (HESLB), mwengine Bodi ya Mikopo ya hapa kwetu Zanzibar (ZHELB). Mimi nasema lipia kazi ya mikono, ahadi usiinunue.

Kazi ya mikono ni kuskani vyeti, kuchapisha fomu na kukaa kwenye kompyuta. Steshenari za hapo Wete watakufanyia, na kwa asiye na kompyuta pesa hiyo ni halali yao. Ada ya maombi ya HESLB kwa miaka imekuwa shilingi 30,000, nayo hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu akikwambia "nirushie kwenye simu yangu nitakulipia", mkimbie.

Asilimia hana wa kuiuza. Bodi hupima uhitaji kwa yale uliyoyathibitisha: uyatima, ulemavu, kaya kuwemo TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Wengi hukwama kwenye karatasi, na mimi pesa zangu ningeziweka huko. Umesema baba yake ni marehemu. Je, kifo kilisajiliwa? Kwetu Pemba mtu huzikwa, khitma ikasomwa, cheti hakuna aliyekifuata. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwenye mfumo mwanao si yatima, hata kama shehia nzima ilikuwepo mazikoni. Cheti cha kuzaliwa nacho huhakikiwa huko huko. Tena tazama majina. Mkubwa wangu skuli walimwandika Khamis, cheti cha kuzaliwa kinasema Hamis. Tukaenda kwa wakili atuwekee sawa majina, nikamlipa bila kinyongo, maana ile si kazi ya kufanyia nyumbani.

Simu na nywila ziwe za mwanao. Jirani yangu alijaziwa na mtu aliyeweka namba yake mwenyewe. Ujumbe wa kurekebisha viambatisho ukaenda kwa bwana yule, na msimu ule yeye yuko kwenye karafuu. Dirisha likafungwa.

Uligusia pia kusoma Marekani: FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya huko, ni ya bure, tena mwanafunzi wa kigeni aliyekwenda kwa viza ya masomo hapati msaada wa serikali yao. Anayekutoza kwa hiyo anakuibia. Baadhi ya vyuo huomba CSS Profile, fomu nyengine ya kuombea msaada wa chuo chenyewe, ambayo ina ada yake. Ushauri wa EducationUSA, huduma ya Wamarekani kwa wanaotaka kusoma kwao, ubalozini Dar, hautozwi kitu.

Turudi kwenye mkopo: fomu ikishachapishwa inataka sahihi ya sheha na ya wakili, na wiki ya mwisho huko hakushikiki. Huyo wakala ukimtaka bado, mpe ya kuskani tu, na mwanao akae ubavuni mwake akitazama kila kinachoandikwa.